App yangu ya mifugo Handeni: swali moja lilivyowafukuza wafugaji wote

Wakuu, heshima kwenu.

Hii si chai, yamenikuta mwenyewe. Wale wa "lete picha" mnisamehe, ng'ombe wa watu sipigi picha ovyo.

Mimi ni mtu wa Korogwe, kazi yangu kutengeneza app. Ofisi yetu ndogo ilipata mradi: mfugaji wa Handeni akiona mnyama anaumwa, ajaze taarifa kwenye simu, daktari wa mifugo aione, apande pikipiki. Ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ilikuwa inamaliza ndama kule.

Tunafanya kazi kwa sprint, yaani wiki mbili mbili: unatengeneza kipande, unawapa watumiaji, unarekebisha. Ndivyo tulivyomwambia mteja. Ukweli ni kwamba sprint tatu nzima "watumiaji" tulikuwa sisi wenyewe mezani, tunapongezana.

Tukaipeleka Kwaluguru, kijiji cha huko huko Handeni. Watu wakaifungua, lakini haikufika taarifa hata moja. Wote waliishia ukurasa wa kwanza.

Bosi akasema wafugaji hawajasoma. Mimi nikasingizia mtandao. Nikakuza vitufe, nikaweka na sauti ya maelekezo. Wapi!

Mteja akatupa sprint moja ya mwisho. Ikishindikana, mradi unafungwa na mimi kibarua kinaota nyasi.

Nikaenda mwenyewe, mpaka bomani kwa Mama Nasieku, mama wa Kimasai anayeandika meseji haraka kuliko mimi. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa. Nikampa simu, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko kuandika code, nawaambia.

Akasoma swali la kwanza: "Una ng'ombe wangapi?" Akanirudishia simu.

"Mwanangu, nani kakutuma?"

Nikamtajia ofisi, mradi na daktari. Akacheka, kisha akanieleza taratibu.

"Ng'ombe hawahesabiwi. Ukitaja idadi unawaitia mabaya. Anayeuliza idadi huku ni mwizi au mtu wa kodi. Wewe ni yupi?"

Aibu niliyoiona, masikio yaliwaka moto. Babu yangu alikuja Korogwe kukata mkonge, manamba kabisa, kambini anaitwa kwa namba. Mjukuu wake nikadhani kuuliza idadi ni kama salamu.

Nikamuuliza atajuaje mmoja akipotea.

"Nitaona hayupo."

Anawajua kwa rangi, pembe na mabaka. Basi nikakaa pale pale kwenye kigoda, nikafuta lile swali, nikaweka "Nani anaumwa?" Unachagua rangi, mabaka, ndama au mkubwa. Rangi zangu nne alizidharau, akaniongezea mpaka skrini ikajaa.

Daktari akalalamika kwenye simu, atajuaje abebe dawa kiasi gani? Tukaweka "mmoja, wachache, wengi". Akatulia.

Wiki iliyofuata ikaingia taarifa ya kwanza: ndama, mweusi, kifua cheupe, anakohoa. Daktari akawahi kumchoma sindano, ndama akapona. Baada ya hapo taarifa zikamiminika mpaka daktari akaomba msaidizi.

Mteja akasaini awamu ya pili. Siku hiyo nilitembea Korogwe nzima nacheka peke yangu, na sioni haya kusema.

Nilichojifunza: tulisema hawajui kusoma, kumbe walisoma vizuri, wakaona tumewatukana.

Sasa nyie wenye fomu za kilimo, za hospitali, za shule: swali lenu la kwanza ni lipi, na mmewahi kumuuliza mtu uso kwa uso? Leteni hapa. Wa kuniponda pia karibuni, ila mjue app inafanya kazi.