Utani wangu na mjukuu umefungua albamu ya rock, baba yake anataka ukatwe

Ulikuwa mwaka ule wa njaa, Handeni tulikula ugali wa makopa, mihogo iliyokaushwa, mpaka watoto wakasahau rangi ya ugali mweupe.

Wakuu, habari zenu. Wanaopaswa kuniamkia, marahaba. Natype kwa kidole kimoja, lakini uongo sina.

Mjukuu wangu Shabani alikuwa anakaa Korogwe kwa baba yake, mwanangu wa kwanza. Ana bendi na wenzake. Wanapiga rock, aina wanaita new wave. Gitaa linakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, kinanda kinalia kama king'ora, halafu mguu wako unaanza kucheza bila ruhusa.

Akaja kunisalimia, akanikuta natwanga makopa. Akawasha simu arekodi mlio wa mchi.

Sasa huku kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani, mimi namwita mume wangu. Nikamchana:

"We mwanaume gani? Mkeo anatwanga, wewe umekumbatia gitaa! Nikupe talaka?"

Kumbe yote imeingia kwenye rekodi.

Wakaiweka mwanzo kabisa wa albamu yao ya kwanza. Mchi, mdomo wangu, ndipo gitaa.

Baba yake aliposikia akapanda basi mpaka kwangu. Hata chai hakunywa.

"Mama, utani wa nyumbani unaishia nyumbani! Watu wa mbali watasema una mume mtoto. Wakate hiyo sauti, la sivyo Shabani atoe magitaa yake kwangu."

Nikampigia Shabani simu, naye akaanza kulegea. "Bibi, tukate tu yaishe."

Bendi haikuwa na pengine pa kufanyia mazoezi zaidi ya kwa baba yake, nilijua. Nikamtazama mwanangu usoni:

"Sauti yangu haikatwi. Aibu yako beba mwenyewe."

Akaondoka amevimba. Wiki hiyo hiyo ngoma, kinanda, magitaa, vyote vikahamia kwangu. Mazoezi bandani kwa mbuzi. Mbuzi wamehamia jikoni, tunagombania nao moto.

Albamu imetoka! Bodaboda wa stendi wananiita shemeji. Naitika.

Nilichojifunza, wakuu: mtoto akikuonea aibu mwache aone, usimsaidie.

Mliofanyiwa hivi na watoto wenu semeni hapo chini. Mnaoona nimekosea nanyi semeni, ngozi yangu ngumu.

Mwanangu anasoma humu. Jana katuma mtu aniombe tena tuifute sauti hiyo mtandaoni. Jibu lake hili hapa, asitume mwingine:

Sauti yangu haikatwi. Aibu yako beba mwenyewe.