Usiku Bi Mnyororo Alipofungwa

Madereva wa katikati ya mji walimwita Bi Mnyororo, na yeye jina hilo alilivaa kama kofia. Kazi yake ilikuwa kukagua maegesho ya manispaa: kutembea mtaa kwa mtaa na mashine ya kutolea faini, na penye ukaidi, kulifunga gurudumu mnyororo wa chuma. Visingizio vya madereva alivijua kama mwalimu anavyojua makosa ya imla. "Nilishuka mara moja tu" ndicho kilichoongoza, na yeye alikijibu kwa kuandika bila kuinua macho.

Ila lilikuwepo jambo lililomnyima raha. Tangu anunue kigari chekundu cha mtumba kutoka kwa shemeji yake, alikuwa hajaweza kukiegesha kinyumenyume katikati ya magari mawili. Kwenda mbele alikwenda. Leseni aliipata, ingawa mtahini siku ile alikuwa na mafua na haraka ya kurudi nyumbani. Lakini kurudi nyuma, usukani ulimgeuka. Mwenyewe alimkiria mumewe chumbani kuwa yeye ni refa aliyezeeka na filimbi mdomoni bila kuujua mpira.

Jumamosi moja jioni akaenda kumtembelea wifi yake. Kumtembelea ni lugha ya adabu. Alikwenda kumringia gari, kwa sababu wifi huyo aliwahi kusema mbele za watu kwamba mtu anayeogopa lifti hawezi kushika usukani. Alipofika chini ya jengo alikuta nafasi moja tu, kati ya pikapu na teksi. Akajaribu. Nyuma ya gari ikapanda ukingo wa barabara, mbele ikabaki njiani kama mguu wa mtu aliyelala kitanda kifupi. Akajaribu tena. Mwenye teksi akashuka, akasimama mbele ya taa zake mikono kiunoni, akizilinda.

Aibu ikamwondoa. Mbele kidogo palikuwa na nafasi ndefu, tupu, ya kuingia moja kwa moja. Kilikuwa kituo cha basi. Maandishi ya njano yalikuwa pale chini, makubwa, na yeye ndiye aliyewasimamia waliopaka rangi. Akajiambia anashuka mara moja tu.

Juu, ghorofa ya nne, wifi alimkaribisha kwa chai. Chai ikaita mazungumzo, mazungumzo yakaita ndoa za watu. Gari halikuonekana kutoka dirishani, na wifi akasema magoti yake hayamruhusu kushuka, ataliona siku nyingine. Alipoaga, maduka yote ya chini yalikuwa yamefungwa.

Gari lake nalo lilikuwa limefungwa. Mnyororo kwenye gurudumu la mbele, karatasi ya faini chini ya waipa. Kwa mazoea alikagua kwanza kazi yenyewe, akakuta imefanywa vizuri, kufuli limetazama nje, kama alivyowafundisha wenzake wa zamu ya usiku. Ofisi ya malipo haifunguliwi hadi asubuhi. Hilo pia alilijua, maana ndilo alilokuwa akiwaambia watu kwa ule upole wake unaoudhi. Kumpigia mumewe hakuthubutu. Akasimama kando ya gari akijifanya halijui.

Basi la mwisho likaja na watu wachache. Lilishindwa kuingia kituoni, likasimama katikati ya barabara. Bibi mmoja mwenye magongo akashushwa hukohuko, akavuka polepole huku pikipiki zikimpigia honi. Bi Mnyororo akapanda.

Ndani walikuwa wanamsema mwenye gari jekundu. Mama mmoja mfanyausafi wa hospitali, aliyetoka zamu, alisema watu wa namna hiyo hudhani barabara ni sebule yao. Dereva, mtu mzima mnene, akaeleza kuwa mzunguko uliopita pia alishushia watu njiani, ndipo akapiga simu mnyororo uletwe. Bi Mnyororo akaona kunyamaza kutamfichua, basi naye akaingia. Akamlaani mwenye gari kwa ufundi wa miaka mingi: hana macho, hana haya, leseni aliiokota jalalani. Abiria wakamtia moyo, akazidi kunoga, mpaka dereva akamtazama kwenye kioo.

"Mama, wewe si yule wa minyororo?"

Akakubali kuwa ndiye.

"Basi tusaidie. Mkimjua mwenyewe, mtozeni mara mbili."

Angeweza kuitikia na kushuka kituo kinachofuata. Lakini yule bibi wa magongo alikuwa bado machoni pake.

"Mwenyewe ni mimi," akasema. "Nilishindwa kurudi nyuma, nikaegesha pale."

Basi zima likamgeukia. Kisha mfanyausafi akacheka hadi akashikilia kiti cha mbele, na wengine wakafuata. Mmoja akauliza jalala hilo liko wapi, naye anatafuta leseni. Bi Mnyororo akacheka pamoja nao, ingawa masikio yalimwaka. Dereva hakucheka sana. Alisema tu kwamba yule bibi hupanda kila Jumamosi akitoka kwa mwanawe.

Ofisi ilipofunguliwa alilipa faini yake, akipanga foleni nyuma ya watu aliowaandikia mwenyewe. Mwenzake wa zamu ya usiku alikuja kumtaka radhi; akamwambia kazi iliyofanywa sawa haiombewi radhi. Jumamosi iliyofuata akapanda basi lile makusudi, akakaa karibu na bibi wa magongo, akamweleza yote. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, akasema amemsamehe ila bado amekasirika, na yote mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Wakati wa kushuka, dereva akamuuliza Bi Mnyororo kama kweli kurudi nyuma kunamshinda. Kesho yake akamwita yadi ya mabasi, akaamuru kigari kiingizwe kati ya mabasi mawili makubwa, kwa hoja kwamba hata akiyagonga hayatajua. Bi Mnyororo akakamata usukani kwa mikono miwili, shingo imepinda kama ya kuku anayesikiliza.

"Kata kulia, mama," dereva akasema akiwa nyuma ya gari.

Gari likaenda kushoto. Dereva akajifunika uso kwa kofia.

"Sasa kulia kwingine."