Jina la Bwana Nukta

Bwana Nukta amefariki, wasomaji wangu. Nilikuwa ofisini Olaya, hapa Riyadh, jirani yake wa Jeddah aliponipigia simu. "Kaka, swahiba wako ametutoka. Tunamzika leo baada ya Alasiri." Kisha akaniuliza: "Naandika tangazo la kundi letu la simu. Jina lake kamili nani?" Nikamwambia atafute kwenye vitambulisho vyake. Nilimjua miaka yote hiyo, jina lake silijui!

Bwana Nukta ni jina nililompachika mimi. Alikuwa mwandishi wa riwaya kutoka Unguja, na mchana alikuwa karani wa kampuni ya mizigo. Kila mswada wangu ulipitia kwake kabla ya kwenda kwa mchapishaji. Hakuandika maoni, palipomkera aliweka nukta moja ya kalamu nyekundu, basi, nikae nijikune kichwa nitafute kosa mwenyewe. Aliniudhi sana, na vitabu vyangu vinasomeka kwa sababu yake.

Mswada wangu wa mwisho unahusu familia moja ya Riyadh. Nilipoufuata kwake Balad, mji mkongwe wa Jeddah, niliukuta umejaa nukta kila anapotokea dada wa kazi, Mkenya mwenzangu.

"Hebu nambie, sheikh wangu," akasema tukinywa chai kwenye mkahawa wa jirani. "Paka wa nyumba hii anaitwa Lulu. Huyu anayempa chakula huyo paka, anaitwa nani?"

"Ah, huyo ni dada wa kazi tu. Mhusika mdogo."

"Mdogo kwako wewe. Mimi kazini bosi ananiita sadiki, yaani rafiki. Dereva naye sadiki, mfagiaji sadiki. Rafiki gani huyo, hata jina langu halijui?"

Tukacheka mpaka watu wakatugeukia. Niliporudi Riyadh nikampa yule dada jina zuri, nikajiona mtu mwema kweli kweli. Haikunipitikia kwamba hata mimi, rafiki wa Bwana Nukta, jina lake sikuwahi kumuuliza.

Huku ugenini tunaishi kwa majina ya mkato: madam, bosi, dada, Mkenya, Mzanzibari. Tunawalaumu waajiri kwamba hawatujui, na sisi kwa sisi tunapachikana majina ya utani tukidhani mapenzi yametosha. Jirani alilipata jina kwenye ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ndani ya mfuko wa koti, tangazo likatoka limechelewa. Lilikuwa jina refu, lake, la baba, la babu na la ukoo, nami nililisoma kama la mtu nisiyemjua. Waliozoea kumwita Bwana Nukta, tena kwa sababu yangu, wakaulizana huyu marehemu ni nani, wakalipita tangazo. Wengi waliompenda hawakuja kumzika. Naona aibu, na sijui nimwombe nani radhi.

Safu hii haitaji majina ya watu, na leo desturi hiyo inanisitiri kuliko ninavyostahili. Ninachowaomba ni kimoja. Yule mnayempenda na kumwita kwa utani, muulizeni jina lake leo, angali anaweza kuitika.