Kikao cha viungo vya Ami Shee: kongosho, ini na sahani ya halwa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu Amu, na mkidhani nimetia chumvi, jueni nimeipunguza.

Mimi ndiye yule anayeuliza "nani kasema?" hata katikati ya hotuba ya harusi. Nilisoma biolojia chuo, kwa hiyo kila ugonjwa wa ukoo huletwa kwangu kama redio mbovu.

Ami Shee, ndugu wa baba, ana sukari. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda kisichofunga. Daktari ameshasema: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa, na huenda mguu ukafuata.

Na Ami haachani na halwa.

Akaniuliza kwa nini sukari imshike yeye na si nduguye. Nikamweleza splicing kwa mfano wa jora la Idi: kitambaa kimoja, baba akatiwe kanzu, mama gauni, dirisha pazia. Ujumbe wa jeni nao hukatwa na kuungwa, kongosho kwa mkato wake, ini kwa mkato wake. Wengine huzaliwa na tofauti ndogo inayoharibu mkato kwenye tishu fulani, hatari ya kisukari ikapanda.

Nilisema hatari, wakuu. Sikusema hukumu.

"Kumbe mkosa ni kongosho!" akasema Ami. "Ulimi hauna kesi. Leta halwa."

Nikabisha. Akataka kikao rasmi, kama cha posa: kila kiungo na msemaji wake.

Na kikao kikakaa! Baada ya Alasiri, Fatiha ikasomwa. Mimi nikapewa kongosho. Binamu yangu Swaleh akawa ini. Shangazi Bi Rukia, kwa mwili wake, akajitolea kuwa mafuta. Ami akausemea ulimi, sahani ya halwa mbele yake.

"Ini laishtaki kongosho kwa uvivu," Swaleh akaanza.

"Ushahidi uko wapi?" nikafoka. Nilikuwa nimekasirika kweli, natetea kongosho ya mtu mwingine.

"Na sisi mafuta twasingiziwa kila siku!" akalalama Bi Rukia.

Bi Zuhura, mke wa Ami, akaingia na dele la kahawa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Bwana Shee, na mguu wasemewa na nani?"

Mguu ulikuwa juu ya mto, umefungwa bendeji, kama mgeni aliyesahauliwa kupewa kahawa.

"Wa kukatwa ni huo," akasema Bi Zuhura, "na ndio msioualika."

Ami akaitazama bendeji kwa muda. Kisha akaisukuma sahani.

"Mafuta, chukueni. Mimi nahamia mguuni."

Kesho yake alikwenda kliniki bila kuburutwa. Kidonda bado, ila sukari imeanza kushuka. Bi Rukia naye anasema kiti cha mafuta hakiachi.

Nilichojifunza: ukimpa mtu sayansi kwa mfano, hubeba mfano akaiacha sayansi mlangoni. Jeni ina neno lake, lakini haikushikii kijiko.

Haya, kwenu nani angeusemea mguu? Njooni tubishane. Mawakili wa ulimi, ushahidi mkononi.