Pombe ya Kupeleka Zombe

Mimi si mtu wa kutembea. Nalisema mapema kwa sababu wanaonijua watalisema tu, na ni afadhali niwatangulie. Nilizaliwa kwenye vilima vya Mbooni, nikasoma huko huko mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani na cheti changu, nikapata kazi ya ukarani katika kiwanda kidogo cha kahawa kilichokuwa chini ya shamba letu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye meza yangu ulikuwa mteremko mmoja. Asubuhi nilishuka, jioni nikapanda, na nilipoona basi limejaa watu nilijiuliza wote wale wamepoteza nini huko waendako.

Jumamosi nilikunywa pombe kwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Ilikuwa kaluvu ya miwa iliyoota kando ya kijito chake. Miwa aliikamua mwenyewe, na maji yake aliyaumua kwa miatine, yale matunda makavu ya mwituni ambayo pasipo hayo, maji ya miwa hubaki maji ya miwa. Miatine yake aliachiwa na baba yake. Kila alipomaliza kutengeneza pombe aliyaanika matunda juani, kisha akayarudisha kwenye kikapu kilichoning'inia juu ya mafiga jikoni. Hakumpa mtu hata tunda moja, wala hakuchanganya na la mtu mwingine. Kwa hiyo pombe yake ilikuwa ile ile, mwaka nenda mwaka rudi: kali kidogo, na moshi kwa mbali. Wengine walisema moshi haukuwa mbali.

Mmoja wa hao wengine alikuwa rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Yeye alikuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la maharagwe, na ugonjwa wake ulikuwa kinyume cha wangu. Hakunywa pombe moja mara mbili kama angeweza kuikwepa. Kila lori liliposimama alishuka akiuliza nani anatengeneza, anatia nini, ameanza lini. Akirudi Mbooni alinihadithia kama mtu aliyetoka kuhiji.

"Kibwezi kuna mama anatia ukwaju," alisema. "Ukwaju, bwana! Ukimeza, masikio yanasimama."

"Masikio yangu yako sawa yalivyo."

"Na Zombe! Asali tupu. Unakunywa huku unasikia nyuki wakilalamika." Kisha akaitazama kata iliyokuwa mkononi mwangu. "Wewe ni kama kuku aliyefungwa mguu. Unazunguka mti, unasema umeuona ulimwengu."

Mjomba alikuwa amekaa pale pale. Alimjazia kata yake, na rafiki yangu akainywa yote, kwa maana kukataa hakuwahi kujifunza.

Hata mke sikumtafuta. Aliletwa na serikali. Alikuwa mwalimu wa kike kutoka Zombe, akapangiwa shule yetu ya msingi, na njia yake ya kwenda shuleni ilipita mbele ya dirisha la ofisi yangu. Jumapili alikaa mbele kanisani na kwaya, mimi nikikaa kiti cha nyuma mdomo nimeufunga kwa ajili ya Jumamosi. Haikusaidia.

"Karani," aliniambia siku ya kwanza tuliyosemezana, "mbona unanuka kama jiko la nyanya yangu?"

Nikamwambia ni kuni. Akacheka, akasema kuni hazimfanyi mtu amsalimie mchungaji mara mbili. Mwaka uliofuata tulikuwa tunazungumza habari za mahari.

Kwetu Ukambani, hata wakati ule ambapo nusu ya ukoo ilikuwa imeokoka, mambo hayo yalikuwa na mpango wake. Mbuzi walikwenda kwanza, wakapokewa vizuri. Baada ya mbuzi inakwenda pombe, na siku ya pombe ndiyo baba wa msichana husema lake la mwisho. Mama wa msichana, aliyeokoka, aliletewa sukari, majani ya chai na blanketi, akakaa upande wake wa nyumba asione. Mimi nilichotakiwa kufanya kilikuwa kimoja: kufikisha pombe Zombe.

Wiki moja kabla ya safari rafiki yangu alikuja kwetu, akaketi na baba yangu na wazee wawili wa ukoo kama mtaalamu aliyeitwa.

"Ya miwa haifiki," alisema. "Kutoka hapa mpaka Machakos, uvuke Athi, upite Kitui, ndipo uende Zombe. Ni siku mbili na mashimo. Itafika siki. Halafu wale ni watu wa asali, wazee wangu. Mtawapelekea maji ya miwa? Niacheni mimi. Najua nyumba moja kule, karibu na njia panda, nimeigundua mwezi jana. Hamjaonja kitu kama hicho. Tutanunua tukifika, tutie kwenye vibuyu vyetu, basi."

Wazee walitazamana. Baba aliniuliza naonaje. Hapo ndipo mtu ambaye hajawahi kubadilisha hata upande wa kitanda aliamua kuwa mtu wa mambo mapya. Nilisema naona ni sawa.

Yule mwalimu nilimweleza mpango huo. "Baba yangu anaonja sana," alisema. Nilidhani anamsifu baba yake.

Mjomba hakuulizwa, kwa kuwa yeye ni wa upande wa mama na safari ilikuwa ya ukoo wa baba. Siku tuliyoondoka nilipita kwake kumuaga. Miatine ilikuwa imeshushwa kutoka jikoni, imeanikwa juu ya ngozi, tayari. Miwa ilikuwa imekatwa. Alitazama vibuyu vyetu vitupu, akanitakia safari njema.

Zombe ilitupokea vizuri. Rafiki yangu alinunua pombe ya asali kwa mama mmoja pale njia panda, ambaye mumewe alikuwa ameenda kunywesha ng'ombe, na lazima nikiri ilikuwa nzuri. Ilinukia maua. Tukaifikisha kwa mkwe ikiwa na povu jeupe, nikahisi mimi ndiye niliyeligundua bara lile.

Wazee wa kule waliketi kwa mviringo. Nikamimina, nikanywa kwanza mbele yao, kama inavyotakiwa, ili waone haina neno. Kisha nikampa baba wa msichana kata kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye uso wa kuhesabu mifugo ikiingia zizini. Alimwaga tone chini, akaonja. Akaonja tena, akaitazama kata, akanitazama mimi. Halafu akampa kaka yake aliyeketi upande wake wa kulia.

"Hebu," alisema.

Kaka alionja. Alianza kucheka polepole, mabega kwanza, mpaka kikohozi kikamshika na wenzake wakampiga mgongoni.

"Hii ni yangu!" alisema alipopata pumzi. "Mke wangu aliniambia jana kuna taniboi kaja kununua, mdomo kama redio."

Nilimtafuta rafiki yangu kwa macho. Alikuwa ghafla na hamu kubwa ya kwenda kuangalia magurudumu ya lori.

Baba wa msichana hakucheka. "Kijana," aliniambia, "ni nani aliyeomba umletee pombe tamu? Tamu ninayo kwa kaka yangu, nikitaka naifuata kwa miguu. Mimi nilitaka kuonja kule binti yangu anakokwenda. Sasa umenionjesha huku. Kwani anaolewa na kaka yangu?"

Wazee wakapiga makofi. Baba yangu alitazama viatu vyake. Mimi nilitamani niwe karani, nyuma ya meza, bila sauti.

"Sijakataa mbuzi," mzee aliendelea. "Mbuzi ni wenu, niliwaona wana kwato za milimani. Lakini pombe sijaipokea. Kuna watu wa Kibwezi wanaomposea kijana wao, walikuwa wameomba siku kabla yenu, wana duka barabarani. Nimewaambia waje mwezi mpya ukiandama. Nikionja kwenu kabla ya hapo, nitajua. Nisipoonja, nitajua pia."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Hilo nililihesabu njiani mara nyingi, kwa sababu rafiki yangu alikuwa ameacha kuzungumza na palikuwa na nafasi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Miatine ilikuwa imerudi kikapuni. Nilimweleza yote, mpaka kikohozi cha yule kaka. Hakucheka wala hakunilaumu, na ningependelea anilaumu.

"Ya miwa haifiki," nilisema, maana nilitaka kuonyesha kwamba tulikuwa na sababu.

"Iliyoiva haifiki," alisema. "Nani amesema iondoke hapa imeiva?"

Alinieleza kama anayemweleza mtoto. Tutakamua asubuhi, tutie miatine, tupakie papo hapo ikiwa bado ni maji matamu. Iumuke njiani. Ikiiva, iivie kwenye mlango wa mkwe. Lakini lazima mtu akae nayo nyuma ya lori, aifungue na kuifunga, aifunike kwa blanketi kukiwa na baridi na aifunue jua likiwaka. Mtu huyo alikuwa yeye. Mjomba alikuwa na miaka sitini hivi na hakuwahi kuvuka Athi. Ugonjwa wangu sikuuokota njiani.

Baba alipata kwa chifu kibali cha pili cha kusafirisha pombe, akavumilia maswali. Rafiki yangu alimbembeleza dereva wake kwa siku tatu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Tukaondoka: baba mbele na dereva, sisi watatu nyuma juu ya magunia, na vibuyu vinne vimemzunguka mjomba kama watoto wa chekechea.

Kabla ya Machakos vilikuwa kimya. Tulipovuka Athi kimoja kilianza kunguruma. Kufikia Kitui vyote vinne vilikuwa vinaongea, na povu likaruka kutoka kimoja likampiga rafiki yangu kifuani.

"Mjomba, hii inatuua!"

"Shika kizibo, wacha hotuba."

Alikishika. Baada ya mashimo kadhaa alilamba kidole, akafikiri, akapeleka mkono tena. Mjomba akaupiga. "Bado. Wewe kila kitu unakionja kikiwa hakijawa. Ndiyo maana hakuna unachokijua."

Nilicheka mimi peke yangu, kisha nikakumbuka kilichonipeleka na nikaacha. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Jua la upande wa Zombe si la Mbooni, na mjomba alikuwa amevua koti lake kukifunika kibuyu kilichotangulia vingine kuiva, mwenyewe akiungua mabega.

Tulifika saa tisa alasiri. Rafiki yangu alibaki kwenye lori kwa hiari. Mviringo ulikuwa ule ule. Nikamimina, nikanywa kwanza. Ilikuwa ile ile, kali, na moshi. Sijui kama iliiva sawa au nilikuwa nimezoea; koo langu halikuwa shahidi wa kuaminika.

Mzee alimwaga tone, akaonja. Akakaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Ina moshi," alisema.

"Wa jiko la mama yangu," mjomba alijibu. "Kikapu kinaning'inia pale tangu nikiwa mdogo."

"Unakunywa hii mara ngapi?" mzee aliniuliza.

"Kila Jumamosi."

"Na siku nyingine unakunywa zipi?"

"Hakuna nyingine, mzee. Ukiacha ile ya kaka yako."

Kaka aliipokea kata, akaonja, akakunja uso. "Mbaya kuliko yangu," alitangaza.

"Mbaya," mzee alikubali, akajaziwa tena. "Lakini juu mbaya, chini mbaya, haidanganyi. Mtoto wangu akienda huko atajua kesho ataamkia nini." Akanywa, akapitisha kata kwa mwenzake, na hiyo ndiyo njia waliyokuwa nayo ya kusema ndiyo. Watu wa Kibwezi walitumiwa habari wasijisumbue.

Kabla hatujaondoka mzee alimvuta mjomba pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia akiomba tunda moja la miatine. Mjomba aliangalia chini kwa muda. Kisha akaingiza mkono kwenye kibuyu kitupu, akatoa moja, akalikung'uta, akampa. Njia nzima ya kurudi hakulizungumzia, nami sikumwuliza.

Hayo ni ya zamani. Baadaye pombe za kienyeji zilipigwa marufuku, zikarudi kwa mlango wa nyuma, zikapigwa tena. Mjomba alizikwa kando ya kijito chake. Kikapu kiko jikoni kwangu, na mke wangu, ambaye sasa ni kiongozi wa akina mama kanisani, huwaambia wageni kwamba yale ni matunda ya dawa. Hajasema ni dawa ya nini.

Rafiki yangu alipata lori lake mwenyewe, na hakupona. Mwaka mmoja, tayari ana mvi, alisimamisha lori chini ya shamba letu akapanda mlima mbio, kofia mkononi.

"Safari hii nimepata!" alisema kabla ya kukaa. "Zombe ile ile, nyumba mpya barabarani; mzee mmoja alifariki, wanawe wakahamia hapo, ndio wanaotengeneza. Asali, lakini si asali tu. Kuna kitu ndani. Kama moshi, lakini kwa mbali. Nimezunguka Ukambani wote miaka thelathini sijaonja kitu kama hicho. Mpya kabisa!"

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika. Alinitazama, nikamtazama.

"Moshi?" nilimwuliza rafiki yangu.

"Kwa mbali," alisema. "Lakini wewe huwezi kuelewa, hujatoka hapa."

Nikamwambia ni kweli, na mke wangu akammiminia chai.