Migomba ya Mlangoni

Seremala yule wa Kisii hakuharakisha mbao wala maneno. Kabla ya kupiga randa aliupapasa ubao kwa kidole gumba, akiguna chinichini. Wazungu wawili wa chai kule Kericho walipomtaka kwa pamoja, alizuru kambi zote mbili, kipande chake cha kitambulisho kikining'inia shingoni, akitazama tu milango ya vibarua. Aliporudi nyumbani, mkewe akamkazania: "Yule wa ng'ambo ya mto si ndiye analipa vizuri? Sasa unangoja nini?"

Akapapasa meza kwa kidole kile kile. "Mama Atuti, watu wake wako pale tangu shamba lifunguliwe, na hakuna hata mmoja amethubutu kupanda mgomba mlangoni; kwa mwenzake kila mlango una wake."

Mkewe akachukua jembe, akaenda kuchimbua chipukizi la mgomba la kuhama nalo.