Pole ya Maiti

Yule muuguzi Mkenya wa wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Birmingham, hamgusi mtu bila kumwambia "pole", hata maiti. Asubuhi ile alikuwa na mzee aliyekufa ubongo. Mashine ilikuwa ikimpumulia ili figo zake ziwafikie salama wagonjwa wawili waliozisubiri. Ghafla presha ya mzee ikaporomoka, kengele ikalia. Daktari mgeni, Mtanzania, akabaki mezani na kikombe chake. "Dada, haraka ya nini? Si ameshakufa?" Vidole vinene vya muuguzi vilikuwa vimeshaongeza dawa kwenye dripu. Akikasirika hapigi kelele, hunong'ona. "Huyu amekufa. Wale wawili bado. Weka hicho kikombe chini, uje." Presha ilipopanda, akamfunika mzee miguu. "Pole, baba. Usimsikize huyo. Hakulelewa."